Jinsi ya Kufuatilia Safari ya Dawa Mwilini, na Kuelewa kwa Nini Dozi Moja Humkubali Mmoja na Kumkataa Mwingine

Mwongozo huu unamlenga mtu anayetumia dawa kwa muda mrefu, au anayemuuguza mwenye kutumia, ambaye amewahi kujiuliza kwa nini kidonge kinachomtuliza mwenzake kinamlewesha yeye, au kwa nini dawa iliyomkubali kwa miaka mingi imeanza kumletea kizunguzungu ilhali dozi haijabadilika. Kazi yenyewe inahitaji karatasi, kalamu na dawa moja. Ukiwa na dawa tano, tumia karatasi tano. Ukizichanganya kwenye ukurasa mmoja utapotea kabla hujafika mbali.

Juu ya karatasi andika jina halisi la dawa, yaani lile la kitaalamu ambalo mara nyingi huchapwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara, kisha nguvu ya kidonge kwa miligramu na saa unayokimeza. Jina la kibiashara peke yake halitoshi, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina mengi, na si ajabu kumkuta mtu anameza kitu kilekile mara mbili akiamini ni dawa mbili. Chini yake acha nafasi ya majibu manne: dawa inaingiaje mwilini, inasambaa wapi, nini kinaibadilisha, na inatokaje. Vitabu huyapanga maswali haya kwa mfuatano huo. Mimi nashauri uanze na la mwisho.

Anza na njia ya kutokea

Kiasi cha dawa kilichomo ndani ya damu wakati wowote ni matokeo ya mvutano kati ya kinachoingia na kinachotoka. Kinachoingia kimepangwa na daktari na kimeandikwa kwenye bahasha ya dawa; kinachotoka huamuliwa na mwili wako, na hakuna bahasha inayokitaja. Watu wawili wakimeza miligramu zilezile kwa saa ileile, tofauti kubwa ya kiasi kitakachobaki ndani yao kesho yake mara nyingi imetokea upande wa kutokea.

Njia kuu ni mbili, figo na ini. Dawa nyingine, kama metformini ya kisukari, lithiamu ya maradhi ya akili na gentamisini ya kuua bakteria, hazibadilishwi na mwili. Huzunguka kama zilivyo hadi figo zizichuje zitoke na mkojo. Nyingine hupenda mafuta kuliko maji, na figo haziwezi kuzitoa hadi ini lizigeuze kwanza kuwa kitu kinachoyeyuka majini, ndipo mabaki yatoke kwa mkojo au kwa nyongo. Ili kujua yako iko kundi gani, fungua kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi na utafute sehemu ya tahadhari kuhusu wenye ugonjwa wa figo au wa ini. Kikisema dozi ipunguzwe kwa mwenye figo dhaifu, umepata jibu; andika neno FIGO kwa herufi kubwa. Kijikaratasi kisipoeleza, muulize mfamasia kwa maneno hayohayo: dawa hii inatolewa na figo au na ini?

Ukiwa umeandika figo, hatua inayofuata ni kukadiria zinafanya kazi kiasi gani, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Maabara hupima kreatinini, ambayo ni taka itokanayo na misuli, na jibu likiwa ndani ya mipaka mgonjwa huambiwa figo ni nzima. Lakini mzee aliyekonda ana misuli michache, hivyo hutengeneza kreatinini kidogo, na namba yake inaweza kuonekana nzuri huku figo zikiwa zimechoka sana. Kanuni ya Cockcroft na Gault, iliyochapishwa mwaka 1976, husaidia kuliona hilo. Chukua 140, toa umri kwa miaka, zidisha kwa uzito wa kilo, kisha gawanya kwa 72 iliyozidishwa na kreatinini ya miligramu kwa desilita. Kwa mwanamke, jibu lizidishwe kwa 0.85. Kama maabara imetoa kreatinini kwa mikromoli kwa lita, igawanye kwanza kwa 88.4.

Tuwaweke watu wawili wenye kreatinini ileile ya 0.9. Wa kwanza ni kijana wa kiume mwenye miaka 30 na kilo 75: 140 kutoa 30 ni 110, mara 75 ni 8,250, gawanya kwa 64.8, unapata takriban mililita 127 kwa dakika. Wa pili ni bibi wa miaka 80 mwenye kilo 45: 140 kutoa 80 ni 60, mara 45 ni 2,700, gawanya kwa 64.8 upate 41.7, zidisha kwa 0.85 upate takriban 35. Karatasi zao za maabara zinafanana, lakini figo za kijana zinasafisha zaidi ya mara tatu na nusu ya zile za bibi. Metformini haitakiwi kabisa uwezo wa figo ukishuka chini ya 30, kwa hiyo bibi huyu amebakisha hatua chache tu kufika ukingoni, na kreatinini yake peke yake isingemwonya mtu yeyote. Kanuni hii ni makadirio, na maabara nyingi siku hizi hutumia hesabu mpya zaidi. Bado naipenda kwa sababu unaweza kuifanya kwa kalamu na ukaona kwa macho yako umri na uzito vinavyofanya kazi.

Geuza kasi ya kutoka kuwa saa na siku

Ukishajua njia, tafuta kasi. Wafamasia huipima kwa nusu-uhai, yaani muda ambao damu huchukua kupunguza dawa hadi nusu yake. Ibuprofeni ina nusu-uhai wa takriban saa 2. Amlodipini ya shinikizo la damu ina saa 30 hadi 50. Digoksini ya moyo ina saa 36 hadi 48 kwa mwenye figo nzima. Iandike namba hiyo kwenye karatasi, kwa sababu inajibu maswali mawili ambayo wagonjwa huuliza kila siku: dawa itaanza lini kufanya kazi sawasawa, na itaisha lini mwilini.

Fanya hesabu hii mara moja, hutaisahau. Chukulia kila kipimo kinaingiza miligramu 100, na unameza kila nusu-uhai mmoja unapopita. Baada ya kipimo cha kwanza una 100. Kabla ya cha pili zimebaki 50, ukimeza una 150. Kabla ya cha tatu zimebaki 75, ukimeza una 175. Endelea, utapata 187.5, kisha 193.75, na kila mara ongezeko linapungua hadi unakaribia 200 na kutulia hapo, kwa kuwa sasa kinachotoka kati ya kipimo na kipimo kimelingana na kinachoingia. Kufika huko huchukua takriban nusu-uhai 4 hadi 5, na ukiacha dawa, kuisha kwake huchukua muda huohuo.

Kwa hiyo mtu aliyeanza amlodipini juzi na leo anasema haimsaidii, anaihukumu mapema mno. Itahitaji takriban wiki moja au zaidi kufika kimo chake. Hali kadhalika, mwenye figo zilizoharibika sana anaweza kubeba digoksini yenye nusu-uhai wa siku 3.5 hadi 5. Dozi iliyomfaa wiki ya kwanza inaendelea kujilimbikiza wiki ya pili na ya tatu, na kichefuchefu kinapoanza, kila mtu ndani ya nyumba anakilaumu chakula cha jana.

Ini na vimeng'enya vyake

Kama umeandika INI, tofauti kati ya mtu na mtu huwa kubwa zaidi, kwa sababu kazi ya ini inafanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazogeuza kemikali mwilini, ambavyo kila mtu amerithi kwa namna yake. Familia kubwa kuliko zote inaitwa sitokromu P450, jina lililotokana na jinsi inavyofyonza mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanometa 450, na wanafamilia wake hutajwa kwa herufi na namba: CYP3A4, CYP2D6, CYP2C19, CYP2B6 na wengineo. Si lazima uyakariri majina hayo. Lililo muhimu ni kujua kwamba jeni inayotengeneza kimeng'enya inaweza kuwa nzima, dhaifu, haipo kabisa, au imejirudia mara kadhaa, na kwamba vipimo vya kawaida vya hospitali, hata vile viitwavyo vya kazi ya ini, havionyeshi lolote kuhusu hilo. Ini lenye afya njema kabisa linaweza kuwa la mtu asiye na CYP2D6 hata chembe.

Kodeini ndiyo mfano ninaoupenda, maana inageuza mawazo ya watu juu chini. Kodeini yenyewe ni kituliza maumivu dhaifu. Nguvu yake inatoka kwenye sehemu ndogo ambayo CYP2D6 huigeuza kuwa mofini ndani ya ini. Mtu asiye na kimeng'enya hicho akimeza kodeini baada ya kung'olewa jino atakaa usiku kucha akiugulia, na akilalamika huenda akadhaniwa anatafuta dawa za kulevya. Mwenye nakala za ziada za jeni hiyo atatengeneza mofini nyingi kwa haraka, asinzie kupita kiasi na hata kupumua kwa shida. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza mwaka 2013 kodeini isitumike kutuliza maumivu kwa watoto waliotolewa mafindofindo, na mwaka 2017 ikapanua katazo hilo kwa watoto wote wa chini ya miaka 12, baada ya vifo vya watoto waliopewa dozi za kawaida.

Hapo kuna jambo la kuandika kwenye karatasi kabla ya kuendelea: je, dawa yako inamezwa ikiwa tayari kwa kazi, au inasubiri ini liiamshe? Jibu hilo ndilo linaloamua maana ya kuwa na ini la polepole. Kwa dawa inayosubiri kuamshwa, kama kodeini au klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, upole wa kimeng'enya humaanisha dawa haifanyi kazi. Kwa dawa iliyo tayari, upole huohuo humaanisha dawa inazidi. Efavirenzi, iliyotumika sana kutibu virusi vya UKIMWI kwa miligramu 600 kila usiku, huvunjwa hasa na CYP2B6. Wenye kimeng'enya dhaifu hubaki na dawa nyingi mno kwenye damu, na hao ndio hasa wanaosumbuliwa na ndoto za kutisha na kichwa kizito asubuhi. Isoniazidi ya kifua kikuu hushughulikiwa na kimeng'enya kingine kabisa, na nusu-uhai wake ni takriban saa 1 kwa wenye kasi na saa 3 au zaidi kwa wa polepole. Hawa wa polepole ndio walio hatarini zaidi kupata ganzi na michomo ya miguu, na vitamini B6 inayotolewa pamoja na dawa hiyo ipo kwa ajili ya kuzuia hilo.

Kipimo cha jeni kipo kwa baadhi ya dawa, lakini historia yako mwenyewe ni kipimo cha bure. Andika kila dawa iliyowahi kukukataa, ilikukataa vipi, na baada ya muda gani. "Kodeini, haikutuliza kabisa" au "dawa ya kifafa, nililala siku mbili" ni taarifa ambayo daktari hawezi kuipata kwa kukupima presha.

Umri nao hubadilisha ini. Mtoto mchanga huzaliwa na vimeng'enya visivyokomaa, na dunia ililijua hilo kwa uchungu mwaka 1959 ilipoelezwa jinsi watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli walivyogeuka rangi ya kijivu na kufa kwa kushindwa kuitoa. Lakini mtoto wa miaka miwili au mitatu mara nyingi huvunja dawa kwa kasi kuliko mtu mzima, kilo kwa kilo. Si mtu mzima mdogo, na kukata kidonge cha baba vipande vinne si hesabu. Ujauzito pia huongeza kasi kwa baadhi ya dawa: kiwango cha lamotrijini ya kifafa kinaweza kushuka hadi nusu au chini yake, degedege ikarudi, kisha kikapanda tena ndani ya wiki chache baada ya kujifungua, ambapo dozi iliyoongezwa inageuka kuwa nyingi.

Mlango wa kuingilia

Hapa nitapita haraka, kwa sababu makosa mengi ya mlangoni yanarekebishika kwa kufuata maelekezo. Dawa ya kumeza hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na damu itokayo huko hupita kwanza kwenye ini kabla ya kufika popote. Ini hutoza ushuru papo hapo: mofini ya kumeza hupunguzwa kiasi kwamba dozi yake huwa mara mbili au tatu ya ile ya sindano, na nitrogliserini ya maumivu ya kifua huwekwa chini ya ulimi kwa kuwa ikimezwa huharibiwa karibu yote. Doksisaiklini na siprofloksasini za kuua bakteria hushikana na madini ya chuma, ya kalisi na ya dawa za kutuliza asidi tumboni, zikapita bila kufyonzwa. Levothairoksini ya tezi ya shingo inataka tumbo tupu, na vidonge vya chuma au kalisi visubiri saa 4. Lumefantrini ya malaria, kinyume chake, inataka chakula chenye mafuta, na ikimezwa na maji matupu hufyonzwa kidogo mno. Kidonge kilichotengenezwa ili kiachie dawa polepole kutwa nzima usikisage wala kukitafuna, maana utapokea ya siku nzima kwa dakika chache.

Kuhusu kusambaa, inatosha kujua kwamba dawa zipendazo mafuta hujificha kwenye mafuta ya mwili, na nyingine hubebwa na protini ya damu iitwayo albumini, ambapo ni ile tu isiyobebwa inayofanya kazi. Mgonjwa aliyedhoofika na albumini ikashuka anaweza kupimwa fenitoini ya kifafa, jibu likasema ni ndogo, kumbe iliyo huru inatosha au imezidi.

Andika wanaoingilia njiani

Upande wa nyuma wa karatasi orodhesha kila kitu kingine unachotumia, pamoja na mitishamba, sigara na dawa ulizojinunulia. Baadhi huongeza vimeng'enya, baadhi huvizuia, na tofauti ya muda ni kubwa. Kizuizi hufanya kazi mara moja. Balungi ni mfano: mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliotumia maji yake kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha, felodipini, waliona dawa ikipanda kupita matarajio, na ikaja kueleweka kuwa tunda hilo huzima CYP3A4 ya kwenye utumbo. Kwa kuwa kimeng'enya kilichozimwa hakirudi hadi kitengenezwe kipya, athari hudumu siku moja hadi tatu, hivyo kunywa asubuhi na kumeza dawa jioni hakusaidii kitu.

Kichochezi, kwa upande mwingine, kinahitaji muda kujenga vimeng'enya vipya. Rifampisini ya kifua kikuu huchukua wiki moja hadi mbili kufikia nguvu yake yote, na kwa kipindi hicho hushusha dawa za kuzuia mimba, wafarini ya kuzuia damu kuganda na nyingine nyingi. Anayetumia dolutegraviri ya virusi vya UKIMWI pamoja nayo hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Watu hukumbuka hilo wakati wa kuanza. Wanachosahau ni siku ya kumaliza. Vimeng'enya hurudi kwenye kawaida kwa takriban wiki mbili, na kama dozi ya wafarini ilikuwa imepandishwa, damu inakuwa nyepesi kidogo kidogo mpaka fizi zinaanza kuvuja. Moshi wa tumbaku una tabia hiyohiyo kwa kimeng'enya CYP1A2: mtumiaji wa klozapini ya maradhi ya akili au teofilini ya pumu anayeacha kuvuta sigara amefanya jambo jema, lakini amebadilisha dozi yake bila kugusa kidonge, na lazima daktari ajue tarehe hiyo.

Tofauti ambazo njia ya kutokea haizielezi

Si kila kitu kinatokana na kiasi cha dawa kwenye damu. Wapo ambao kiasi chao ni cha kawaida lakini miili yao ina udhaifu mahali pengine. Mwaka 1956 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa ambao primakwini ya malaria iliwavunjia chembe nyekundu za damu walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD ndani ya chembe hizo, si ndani ya ini. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa baada ya dawa hiyo, acha kuimeza na uende hospitali siku hiyohiyo. Abakaviri ya virusi vya UKIMWI huleta mzio hatari kwa sehemu ya wale waliorithi alama iitwayo HLA-B*57:01, na kabamazepini ya kifafa huweza kubabua ngozi ya wenye HLA-B*15:02. Hapa kupunguza dozi hakuokoi, dawa inabadilishwa. Kwenye karatasi, yatenge madhara ya namna hii, yaani upele, uvimbe wa uso, homa au malengelenge, na yale ya kuzidiwa kama usingizi na kizunguzungu. Ya kwanza yanamaanisha usirudie dawa hiyo. Ya pili yanamaanisha dozi ijadiliwe.

Ukiombwa kupima kiwango cha dawa

Kwa dawa chache ambazo mpaka kati ya kutosha na kuzidi ni mwembamba, kama lithiamu, digoksini, fenitoini na takrolimasi ya kuzuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa, daktari huagiza damu ipimwe kiwango. Fenitoini inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu kimeng'enya chake hujaa: kutoka miligramu 300 kwenda 400 kunaweza kuongeza kiwango maradufu badala ya theluthi, na ndiyo sababu moja kubwa ya kutojiongezea dozi kwa kukadiria.

Damu ya lithiamu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, ya digoksini si chini ya saa 6, na ya fenitoini au takrolimasi kwa kawaida muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Usimeze kidonge cha asubuhi kabla ya kutolewa damu kama umeelekezwa usubiri, na uandike kwenye karatasi tarehe ya dozi kubadilishwa mara ya mwisho, saa uliyomeza na saa sindano ilipoingia mkononi. Anayelisoma jibu la maabara bila tarehe na saa hizo anaweza kupandisha dozi ya mtu aliyepimwa kabla dawa haijafika kimo chake, au kumshushia aliyemeza nusu saa kabla ya kutolewa damu.